Maktaba ya Nyumbani katika Kompyuta Kuukuu

Tangu tarehe 1 Juni 2021, siku ambayo kampuni ya Google ilikoma kuwahifadhia watu picha bila ya kipimo, ikaanza kuzihesabu picha mpya ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, wengi wametanabahi kwamba ghala waliyoidhania kuwa milki yao ina mwenyewe, naye hubadili masharti apendapo.

Mimi nilipotaka kujijengea maktaba yangu nyumbani, nilianza na laptopu kuukuu iliyopasuka kioo, na hata leo naona ndiyo imfaayo mwanafunzi wa kazi hii. Kwani betri yake, ijapokuwa imechoka, huishikilia mashine kwa dakika kadhaa umeme ukatikapo, na ikiwa yala wati 15 usiku na mchana, mwezi mzima haifikishi yuniti 12. Niliiwekea Debian, mfumo usiolipiwa, nikaiunga na ruta kwa waya, kisha nikatia Jellyfin, programu iliyozaliwa Desemba 2018 baada ya wenye programu ya Emby kuufungia umma msimbo wao. Nayo hupanga filamu na nyimbo, ikazipeleka kwenye televisheni na simu zote za nyumbani pasi na kugusa bando, madhali safari yake haivuki ruta. Mafaili na picha za simu nimeviachia Nextcloud, programu nyingine ya kuhifadhia. Atakaye kuvifikia akiwa safarini na apitie WireGuard, njia ya siri baina ya simu na nyumba, wala asiuache mlango wa ruta wazi kwa kila mpita njia.

Lakini ninalomsihi msomaji kuliko yote ni nakala. Kaseti za marehemu baba akisoma maulidi nilizihamishia katika diski moja, nikajiona nimeiweka amana mahali pake. Usiku mmoja diski ikaanza kulia tik, tik, tik, na kulipokucha haikufunguka tena. Kilichosalimika ni kile nilichokuwa nimempa dada katika flashi. Tokea hapo nafuata kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, katika vyombo vya namna mbili, na moja ilale nje ya nyumba. Diski mbili zinazoigana ndani ya mashine moja hazitoshi, kwa kuwa faili ukilifuta kwa makosa hufutika kotekote.

Kila mwisho wa mwezi huichomeka diski ya akiba, nikanakili, nikafungua humo rekodi ya kaseti moja nikaisikiliza hadi mwisho. Kisha huifunga diski hiyo katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya unyevu wa pwani, nikampa dada arudi nayo Muheza.