Urithi wa Ulaji na Tabia katika Ng'ombe wa Nyama: Mfano wa Milima ya Usambara

Wafugaji husema kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Na hao hao, wamwonapo ndama akianza kurusha mateke, hukumbushana kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hizi mbili zaonekana kupingana, lakini zagusa swali moja ambalo wataalamu wa mifugo wamelipima kwa mizani na kwa saa: katika ulaji wa ng'ombe na katika tabia yake mbele ya mtu, ni sehemu gani aliyoirithi kwa wazazi, na ni sehemu gani iliyofanywa na malezi na malisho?

Usambara ya Magharibi si nchi ya ng'ombe wa nyama kama ilivyo Kongwa au Shinyanga. Mji wa Lushoto u kimo cha mita 1,400 hivi juu ya bahari, mashamba ni madogo na yamepanda hata katika miteremko mikali, na malisho ya wazi ni haba. Zamani hayakuwa haba hivyo. Wambugu walichunga makundi yao katika nyanda za juu kandokando ya misitu. Nao ndio wenye lugha ya Kimaa, iliyowashughulisha sana wanaisimu kwa kuwa maneno yake mengi si ya Kibantu, hali sarufi yake ni ya Kibantu. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, mradi wa SECAP ulipohimiza kuzuia mmomonyoko wa udongo kwa kupanda majani ya gwatemala na mabingobingo katika makinga maji, ng'ombe wengi wamefungwa bandani. Majani hukatwa na kuchukuliwa kichwani, na kazi hiyo aghalabu huwaangukia wanawake na watoto. Madume wazaliwao na ng'ombe wa maziwa hulelewa humo humo mpaka wauzwe kwa nyama. Kwa hiyo ng'ombe alaye sana bila kunenepa ni hasara ihisiwayo shingoni, na fahali mkali katika banda la miti lililo hatua chache tu kutoka jikoni ni hatari kwa anayemtilia majani.

Basi na tuanze na ulaji. Yafaa ifahamike ya kuwa ng'ombe wawili wenye uzito mmoja, wanaokua kwa kadiri moja, waweza kutofautiana sana katika chakula wanachokula. Mwaka 1963 huko Marekani, Koch na wenzake walipendekeza kipimo cha tofauti hiyo: hukadiriwa kwanza chakula ambacho mnyama wa uzito ule na ukuaji ule angetazamiwa kula, kisha kadirio hilo hutolewa katika kile alichokula kweli. Salio likiwa chini ya sifuri, mnyama huyo hutumia chakula chake vizuri. Sababu zake ni nyingi: uyeyushaji wa chakula tumboni, joto linalopotea mwilini, kujengwa na kubomolewa kwa nyama ya mwili, hata kutulia au kuhangaika kwa mnyama mwenyewe. Vipimo vingi vimeonyesha kwamba katika tofauti za salio hilo baina ya wanyama waliotunzwa pamoja, sehemu 3 hadi 4 katika 10 hutokana na urithi.

Hapa neno la Kiswahili “mbegu” laweza kumpoteza mtu. Anayenunua mbegu bora za mahindi hupata mimea inayofanana karibu yote. Anayenunua mbegu ya fahali hupata nusu tu ya chembe za urithi za fahali yule, tena nusu inayochanganywa upya kwa kila ndama. Mathalani, fahali aliyewazidi wenziwe kwa gramu 200 za uzito kila siku, ikiwa sehemu ya urithi ni 4 katika 10, ubora wake wa kurithiwa ni gramu 80; naye akipandishwa kwa majike wa kadiri, ndama wake hutazamiwa kuzidi kwa gramu 40. Kwa mwaka ni kilo 14 na nusu hivi. Si haba, lakini si muujiza aliouona mnunuzi alipomtazama fahali mwenyewe.

Maneno mengine mawili yana hila zaidi. Wafugaji huwaita machotara wenye damu ya Ulaya “ng'ombe wa kisasa”, na zebu mwenye nundu “ng'ombe wa kienyeji”, kana kwamba tofauti yao ni ya zama. Tofauti yao ni ya hori. Frisch na Vercoe, waliofanya kazi Rockhampton huko Australia, walionyesha kwamba zebu huhitaji chakula kidogo zaidi ili aishi tu bila kukua, naye huvumilia joto na kupe. Apewapo majani makavu na duni, hupungua uzito polepole kuliko ng'ombe wa Ulaya. Chakula kikiwa kingi na kizuri, na maradhi yakizuiwa, mambo hugeuka: mwenye damu ya Ulaya humwacha nyuma kwa ukuaji. Basi yule “wa kisasa” wa Lushoto, afikapo miezi ambayo majani yamekwisha na hori halina ila mabua ya mahindi, hudai chakula ambacho banda halina. Waliounda mbari ya Mpwapwa walilitambua jambo hilo mapema. Walichanganya damu ya Red Sindhi na Sahiwal, zebu wa kienyeji, Boran na kiasi kidogo cha Ayrshire, na tangu mwaka 1958 mchanganyiko huo umehesabiwa kuwa mbari moja.

Tabia ni ngumu kupimwa kuliko uzito, ijapokuwa njia zake ni nyepesi. Mnyama huingizwa katika uchochoro mwembamba wa miti, kama wakati wa kuchanjwa, na kutikisika kwake hutiwa alama kutoka 1 hadi 5. Au hupimwa muda anaotumia kupita umbali wa mita 1.7 anapofunguliwa, njia iliyotolewa Australia mwaka 1988. Mwenye hofu hutoka mbio. Urithi wa tabia hiyo hukadiriwa kuwa sehemu 1 hadi 4 katika 10, kwa kufuata njia ya kupima. Mwaka 1997 Voisinet na wenzake walionyesha kwamba watulivu huongeza uzito kwa kasi kuliko wenye kuhangaika. Sababu yake haina fumbo: mwenye hofu hula kidogo na huunguza nguvu bure. Na akifika machinjioni baada ya mahangaiko marefu, sukari iliyowekwa katika nyama yake imekwisha. Nyama huwa nyeusi na ngumu kuuzika.

Mara nyingi husemwa kwamba zebu ni mkali kwa asili. Ni kweli kwamba zebu waliokulia katika mbuga pana hushtuka upesi kuliko ng'ombe wa Ulaya waliolelewa vivyo hivyo. Lakini zebu aliyefungwa bandani Soni au Mlalo, akaguswa na watoto tangu siku ya kuzaliwa, hawezi kupimwa kwa hukumu hiyo. Na wala upole wake si ushahidi kwamba wanawe watakuwa wapole wakilelewa mbugani. Ulinganifu wa haki ni wa ndama waliolelewa pamoja.

Hapo ndipo penye shida ya vijijini. Dume akuaye upesi hufikia bei nzuri kabla ya wenziwe, naye huuzwa kwanza, pengine kabla hajapanda jike hata mmoja. Abakiaye kuzunguka kwa majirani ni yule ambaye mnunuzi hakumtaka; na akikaa miaka mingi, hupanda binti zake mwenyewe. Hivyo kijiji huchagua fahali bila kujua kwamba kinachagua, tena kwa upande mbaya. Utepe wa kupimia kifua, daftari la tarehe za kuzaliwa, na mapatano baina ya jirani wachache ya kumwachia dume bora abakie msimu mmoja kabla ya kuuzwa, gharama yake ni ndogo kuliko ya fahali mgeni. Ila mwenye dume hukosa fedha za msimu ule, na mpaka sasa aghalabu hukosa peke yake.