Baga ya Maharagwe Isiyovunjika



Mara ya kwanza kikundi chetu kujaribu kupika baga za maharagwe hapa Kiogoro, tulitoa pesa kwenye mfuko wa kikundi, tukanunua vitu, tukaponda maharagwe, tukafinyanga, tukatumbukiza ndani ya mafuta ya moto. Dakika mbili hazijaisha, karai limejaa uji. Wageni wameshaketi. Tuliishia kuwapa ugali na sukuma wiki, na mweka hazina akaandika hasara kwenye kitabu. Wengine walisema, "Haya ni mambo ya mahoteli ya mjini, tuachane nayo."

Maharagwe hayakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu: hatukujua kazi ya maji. Leo tunaeleza jinsi ya kupika baga ambayo haivunjiki, haiumizi tumbo, na haili mfuko wa kikundi.

BAGA NI NINI?

Jina lenyewe limetokana na mji wa Hamburg, Ujerumani. Baga ya kawaida ni nyama ya kusaga iliyofinyangwa bapa, ikapikwa, ikawekwa katikati ya mkate wa mviringo pamoja na nyanya na majani. Sisi tunaondoa nyama tu na kuweka maharagwe. Yeyote anayejua kupika katlesi au kachori tayari anajua nusu ya kazi.

KWA NINI MAHARAGWE?

Mashamba yetu ni madogo, lakini karibu kila boma lina maharagwe kati ya mistari ya mahindi. Nyama nayo hununuliwa, na nyumba nyingi huila siku za wageni tu. Tena Gusii ina waumini wengi wa kanisa la Waadventista Wasabato, na baadhi yao wameacha nyama kabisa. Kwa hiyo walaji wapo.

Gramu 100 za maharagwe makavu zina protini kama gramu 22. Hiyo ndiyo inayojenga mwili wa mtoto na kurekebisha mwili wa mtu mzima. Lakini tusidanganyane. Maharagwe yakishapikwa hunywa maji, kwa hiyo baga moja ya gramu 100 kwa njia hii ina protini kama gramu 6 hivi. Nyama ya ng'ombe ya uzito huo ina mara tatu au zaidi. Baga ya maharagwe haiizidi nyama. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuila mara nyingi kwa wiki, wakati nyama unaiona mara moja kwa mwezi.

Kuna jambo jingine. Protini ya maharagwe peke yake ina upungufu fulani, na protini ya nafaka peke yake ina upungufu mwingine. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Ndiyo maana githeri ni chakula cha maana. Ndiyo maana pia katika baga zetu tunatia unga wa wimbi. Wimbi huongeza na madini ya kalisi, ambayo hujenga mifupa na meno, kuliko nafaka nyingi tunazokula.

HATARI YA MAHARAGWE MEKUNDU

Msomaji, sehemu hii usiiruke. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili. Mtu akila hata punje chache ambazo hazijaiva anaweza kutapika na kuharisha baada ya saa chache. Sumu hiyo huisha kwa kuchemka sana. Moto mdogo hauiondoi. Maharagwe yaliyopashwa tu bila kutokota yanaweza kuwa mabaya kuliko hata mabichi.

Kwa hiyo fanyeni hivi kila mara:

1. Loweka maharagwe usiku kucha, saa 8 hadi 12.
2. Mwaga maji hayo. Usiyapikie.
3. Weka maji mapya na uchemshe kwa moto mkali, yatokote kabisa kwa dakika 30.
4. Ndipo upunguze moto na uendelee hadi yaive.

Wale wanaotumia kikapu cha kupikia bila moto, kile kinachojazwa majani makavu ya migomba au vitambaa, waangalie sana hapa. Kikapu ni kizuri, kinaokoa kuni. Lakini maharagwe yasiingie ndani yake kabla ya kutokota zile dakika 30.

Wengine huuliza: mbona kitabu cha mapishi kinasema saa moja, na kwangu bado ni magumu? Kisii iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Huku maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Kwa hiyo maharagwe yetu huchukua muda zaidi. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu mahali pa joto na unyevu nayo huwa sugu. Nunueni ya msimu huu. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1. Kuloweka kunatosha.

VITU VINAVYOHITAJIKA (baga 18)

- Maharagwe makavu nusu kilo (robo ya gorogoro)
- Ndizi mbichi za kupika 3, au viazi 3 vya kiasi
- Unga wa wimbi kikombe 1, na mwingine kidogo wa akiba
- Vitunguu 2 na karoti 2
- Dania kiasi, na kitunguu saumu ukipenda
- Chumvi kijiko kidogo 1 na nusu
- Mafuta ya kukaangia

Maharagwe ya aina yoyote yanafaa: Rosecoco, Wairimu, au yale ya mchanganyiko. Mnaotafuta mbegu ya kupanda, ulizeni kuhusu Nyota. Ni aina iliyotolewa na watafiti wa KALRO, nayo ina madini ya chuma na zinki kwa wingi.

NAMNA YA KUPIKA

1. Pika maharagwe kama tulivyoeleza, mpaka punje ipondeke kwa vidole viwili bila nguvu. Katikati pasiwe na kiini kigumu.

2. Chuja maji yote. Supu usiitupe, iweke kwa mboga. Kisha tandaza maharagwe kwenye uteo au sinia safi kwa nusu saa, yatoe mvuke na kukauka. Hapa ndipo kikundi chetu kilipoanguka. Tuliyaponda yakiwa yameloa.

3. Chemsha ndizi, menya, ponda zikiwa moto. Ndizi ndiyo gundi yetu. Wanga wake hushika kila kitu pamoja.

4. Kwaruza karoti, katakata vitunguu vidogo vidogo, uvikaange kwa mafuta kidogo mpaka maji yao yakauke. Kitunguu kibichi hutoa maji ndani ya baga, na baga hupasuka.

5. Ponda maharagwe kwa mwiko au kwenye kinu. Usiyafanye laini kama uji wa mtoto. Acha kama robo yawe vipande, ili anayekula apate kitu cha kutafuna. Hapo ndipo baga inakuwa na uzito mdomoni kama ya nyama.

6. Changanya vyote, kisha nyunyiza unga wa wimbi kidogo kidogo. Chumvi itie mwisho. Jaribu: finyanga tonge moja mkononi. Likishikamana na kiganja kibaki karibu safi, inatosha. Likinata kama matope, ongeza unga. Likipasuka pembeni, umezidisha. Ongeza kijiko kimoja cha ile supu.

7. Finyanga baga bapa, unene wa kidole kimoja. Nene sana huungua nje na kubaki baridi ndani. Ziache zitulie nusu saa mahali pa baridi, ili unga unywe maji yaliyobaki.

8. Pasha kikaango na mafuta kidogo, kama ya chapati. Kaanga moja kwanza. Tafadhali, moja kwanza! Ikivunjika, umepoteza moja, na mchanganyiko uliobaki unaweza kurekebishwa kwa unga. Sisi tulitia sita kwa pamoja.

9. Iache dakika 4 au 5 bila kuigusa, mpaka chini paumbe ganda la kahawia. Geuza mara moja tu. Anayegeuza kila dakika ndiye anayevunja.

Mkate wa baga ukikosekana, chapati iliyokunjwa inafaa sana. Hata ugali na baga moja pembeni ni mlo kamili.

MBOGA NA CHAI

Madini ya chuma yaliyo ndani ya maharagwe hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Vitamini C huyasaidia. Kwa hiyo wekeni nyanya mbichi, kabichi mbichi iliyooshwa vizuri, na matone ya ndimu. Chinsaga na managu pembeni ni nzuri pia.

Hapa kwetu kuna adui mmoja tunayempenda: chai. Chai na kahawa zinazonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Hatusemi muache chai. Tunasema ingojeni saa moja baada ya kula, hasa mama mja mzito na watoto.

Wanaoacha nyama kabisa wakumbuke vitamini B12. Haimo katika maharagwe wala mboga. Maziwa na mayai yanayo. Asiyetumia hata hivyo, amwone mhudumu wa afya apewe ushauri.

JE, KIKUNDI KIUZE?

Hapa tuongee ukweli wa kitabu cha hesabu. Bei zifuatazo ni mfano tu. Wekeni zenu za soko la Kiogoro au Daraja Mbili.

Maharagwe sh. 80
Ndizi sh. 30
Unga wa wimbi sh. 20
Vitunguu, karoti, dania sh. 50
Mafuta sh. 60
Chumvi na viungo sh. 10
Kuni au makaa sh. 60
Mikate 18 sh. 270
Nyanya na kabichi sh. 50
JUMLA sh. 630

Gawanya kwa 18: kila baga imegharimu sh. 35. Mkiuza kwa sh. 50, mnapata sh. 900, na faida ni sh. 270. Wapishi wakiwa watatu, kila mmoja ana sh. 90 kwa kazi ya nusu siku. Sasa baga 4 zikibaki bila mnunuzi, mnapata sh. 700, na faida inabaki sh. 70. Gawanyeni hiyo kwa watatu muone!

Tena tazameni jambo moja. Kati ya zile sh. 630, mikate peke yake ni sh. 270. Baga zenyewe bila mkate na mboga ni sh. 310, yaani kama sh. 17 kila moja. Mama anayetumia maharagwe ya shamba lake, ndizi zake na ugali wake, anapunguza zaidi. Maana yake ni nini? Kwa nyumba, baga hii inalipa tangu siku ya kwanza. Kwa biashara, inalipa tu mkipika kwa oda: mkutano wa wazazi, harambee, harusi, semina. Watu wakilipia kabla, hakuna kinachobaki.

Na kisibaki kitu kweli. Bila friji, baga zilizopikwa zisilale. Maharagwe yaliyopikwa huchacha upesi. Pikeni asubuhi, ziliwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kuuzia watu, mwoneni afisa wa afya ya umma kuhusu cheti cha afya cha wapishi na leseni ya kaunti. Mtu mmoja akiharisha, jina la kikundi limekwisha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni nyumba ngapi kati yetu huloweka maharagwe kabla ya kupika? Kwa nini wengine hawaloweki?
2. Kuni za kupika sufuria moja ya maharagwe zinatugharimu nini kwa mwezi? Kikapu cha kupikia kingepunguza kiasi gani?
3. Nani katika kikundi ataandika kila shilingi inayotoka na kuingia siku ya kupika?
4. Watoto wetu hunywa chai ya saa ngapi, nao hula saa ngapi?

Sisi tulirudia baada ya wiki mbili. Tulipika kidogo, nusu kilo tu, kwa ajili yetu na watoto. Tulikausha maharagwe juu ya uteo, tukakaanga moja kwanza. Haikuvunjika. Mtoto mmoja alikula mbili, akauliza kama ni nyama. Mweka hazina wetu, yule aliyeandika hasara, ndiye aliyeomba ya tatu.

Jaribuni nyumbani kwanza, mfuko wa kikundi baadaye. Haba na haba hujaza kibaba.