Humumunyika, Huyeyuka, Huoksidika: Kuieleza Vitamini C kwa Wasomaji wa Pwani ya Cabo Delgado

Katika rasimu ya mwongozo wa maabara niliyoletewa niihariri kwa ajili ya wanafunzi wa Palma na Mocímboa da Praia, ilikuwamo sentensi hii: vitamini C huyeyuka kwa urahisi. Sentensi hiyo ina maana mbili. Barafu huyeyuka kwa joto; chumvi nayo, katika mazungumzo ya kila siku, huyeyuka majini. Mwanafunzi wa huko, aliyefundishwa sayansi kwa Kireno, ana dissolver kwa maana moja na derreter kwa nyingine. Akikuta yeyuka peke yake, hana budi kukisia.

Vitamini C, yaani asidi askobiki, ni fuwele nyeupe zenye uchachu. Humumunyika mno: lita moja ya maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hupokea takriban gramu 330. Huyeyuka, kwa maana ya joto, karibu na nyuzi 190, na hapo huwa inavunjika. Ikiwa kavu na imefungwa vyema hudumu. Ikishamumunyika, hewa huioksidisha, hasa penye joto, mwanga, magadi au chembe za shaba. Hatua ya kwanza huzaa asidi dehidroaskobiki, ambayo mwili bado waweza kuirejesha. Hatua ya pili huifungua kwa maji, na kutoka hapo hakuna marejeo. Kitenzi haribika, ambacho waandishi wetu hukitumia kwa hatua zote mbili, huificha tofauti hiyo.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika kiseyeye, ugonjwa wa kutoka damu ufizini kwa kukosa vitamini hii. Mabaharia wa Vasco da Gama waliugua katika pwani ya Msumbiji mapema mwaka 1498. Mombasa, mwezi Aprili, waliletewa machungwa na malimau, wagonjwa wakapona, na mwandishi wa shajara yao akaisifu hewa ya mji! Hivi leo, tangu mashambulizi yaanze Mocímboa da Praia Oktoba 2017, familia nyingi zimeyahama makazi yao na kutegemea nafaka, kunde na mafuta ya msaada. Chakula hicho, pasipo matunda wala mboga mbichi, hakikingi kiseyeye. Kwa hiyo kupima mboga zipatikanazo ni kazi yenye uzito.

Tuchukue majani ya muhogo, kisamvu kwetu, matapa kwa Wamsumbiji wengi. Jani bichi lina vitamini C nyingi, lakini likitwangwa, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na oksidisho huanza papo hapo. (Asije mtu akawakataza akina mama kutwanga: kutwanga na kuchemsha ndiko kunakopunguza sumu ya sianidi.) Maabarani, basi, jani husagwa ndani ya asidi ya metafosforiki iliyopoozwa, ambayo huzuia vimeng'enya na kuzishika chembe za metali. Vyombo vya shaba havitumiki. Kimiminika huchujwa, huwekwa katika chupa ya kahawia, na hupimwa siku hiyohiyo.

Kipimo cha kawaida hutumia rangi ya buluu iitwayo diklorofenoli-indofenoli. Hudondoshwa tone kwa tone, na asidi askobiki huipausha. Inapokwisha, tone la ziada huacha wekundu hafifu usiopotea kwa sekunde kadhaa. Hapo ndipo mwisho wa kipimo.

Rangi hiyo, hata hivyo, haiioni asidi dehidroaskobiki. Mwanafunzi anayeandika kwamba sampuli "haina vitamini C" amesema zaidi ya alichopima. Alichopima ni asidi askobiki isiyooksidika. Ripoti ya namna hiyo ikifika kwa mgawaji wa chakula, mboga yenye manufaa yaweza kuachwa.

Nilipoirudisha rasimu, sentensi ilisomeka hivi: vitamini C humumunyika majini kwa urahisi, na ikishamumunyika huoksidika upesi; kwa hiyo sampuli itiwe katika asidi baridi kabla ya kusagwa.