Afya: Hospitalini, aliye hatarini asingojeshwe nyuma ya mstari

Saa moja asubuhi, mbele ya hospitali nyingi za Kivu, mstari umekwisha kuwa mrefu. Kuna mzee aliyekuja kupimwa tansio, kijana mwenye kidonda mguuni, mama mwenye mimba aliyekuja kupimwa kama kila mwezi, na wengine wenye homa ya tangu juzi. Nyuma yao wote anafika mama mmoja kwa pikipiki, mtoto mgongoni. Mtoto hanyonyi tena na anapumua kwa shida. Mama anauliza nani wa mwisho, kisha anakaa kwenye benchi.

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Kila mtu amefuata mpango: aliyetangulia kufika anaandikwa kwanza, ananunua fishi, anangoja kuitwa. Lakini ugonjwa wa mtoto yule haujui nani alifika saa ngapi.

Tunapozungumza juu ya hospitali zetu, mara nyingi tunataja vitu vinavyokosekana: dawa, mashine, waganga, mishahara. Ni kweli, vinakosekana. Lakini kuna jambo lingine linaloua watu na ambalo halihitaji pesa nyingi kulirekebisha. Ni namna mgonjwa anavyopitishwa, kutoka mlangoni hadi kitandani, na kutoka kitandani hadi nyumbani kwake.

Kuchelewa mara tatu

Mwaka 1994, watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwa nini akina mama wengi wanakufa kwa sababu ya uzazi. Walionyesha kwamba mgonjwa anaweza kuchelewa mara tatu. Kwanza nyumbani, watu wa jamaa wanapokawia kuamua kumpeleka kwa waganga. Pili njiani, kwa sababu ya umbali, barabara mbovu au kukosa nauli. Tatu ni ndani ya hospitali yenyewe, baada ya kufika.

Kwetu mashariki mwa Congo, kuchelewa kwa njiani kunajulikana na kila mtu: matope, vizuizi, vita, hofu ya kusafiri usiku. Kuchelewa kwa tatu hakuzungumzwi sana, ingawa ndiko kunakouma zaidi. Mgonjwa amekwisha kushinda milima na barabara, halafu anazidiwa akiwa kwenye benchi, hatua chache tu kutoka kwa daktari.

Kuchambua tangu mlangoni

Dawa ya kwanza ya ugonjwa huo inaitwa triaje, neno la Kifaransa lenye maana ya kuchambua. Mama zetu wanaijua kazi hiyo: kabla ya kupika maharagwe, wanayamwaga kwenye ungo na kuyachambua. Tofauti ni kwamba hospitalini hakuna anayetupwa. Kila mgonjwa atatibiwa, ila kuna ambaye hawezi kungoja hata dakika tano, na kuna anayeweza kungoja saa mbili bila hatari.

Mpango huo ulizaliwa vitani. Dominique-Jean Larrey, mpasuaji wa jeshi la Napoléon, alitaka majeruhi watunzwe kufuatana na ukali wa majeraha yao, si kufuatana na cheo. Wakaaji wa Goma wanaelewa maana yake. Mwezi wa Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, hospitali kama ile ya CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu wa kimataifa unasaidia kupasua majeruhi, zilipokea watu kupita idadi ya vitanda. Siku kama hizo hakuna anayeuliza nani alifika kwanza. Anayeulizwa ni yule anayetoka damu nyingi.

Lakini si lazima bomu lianguke ndipo tuchambue wagonjwa. Shirika la Afya Duniani, OMS, Msalaba Mwekundu wa kimataifa na Madaktari Wasio na Mipaka walitengeneza pamoja utaratibu wa rangi tatu: nyekundu kwa anayepaswa kutibiwa sasa hivi, njano kwa anayepaswa kuonwa mapema, kijani kwa anayeweza kungoja. Kazi hiyo haihitaji daktari mlangoni. Inahitaji muuguzi mmoja aliyefundishwa, kitu cha kupimia homa na hewa ya damu, na amri iliyo wazi: mwenye rangi nyekundu anatibiwa kwanza, fishi na malipo vitafuata.

Je, inasaidia kweli? Hospitali kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre nchini Malawi, ina watoto wengi na wafanyakazi wachache, kama za kwetu. Waganga wake walitenga mahali pa dharura na mahali pa wagonjwa wa kawaida, wakawachambua watoto tangu wanapofika na kuwatibu papo hapo waliokuwa hatarini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la OMS. Kabla ya mabadiliko, kati ya watoto 100 waliolazwa, walikuwa wanakufa 10 hadi 18. Baadaye wakawa 6 hadi 8.

Sisi wenyewe tulilipa bei kubwa kwa kukosa mpango huo. Wakati wa Ebola ya Beni, Butembo na Mabalako, tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu 3.470 waliugua na 2.287 walikufa. Wengi waliambukizwa ndani ya vituo vya afya, ambako mwenye Ebola alikaa benchi moja na mwenye malaria. Ndipo vituo vingi vikaanza kupima homa mlangoni na kutenga anayeshukiwa. Desturi hiyo haikupaswa kuisha pamoja na ugonjwa.

Barua inayokwenda bila kurudi

Nchi yetu imegawanywa katika zoni za afya 519. Kwa kawaida kila zoni ina vituo vya afya, na juu yao hospitali kuu inayopokea wagonjwa walioshindikana. Kwenye karatasi, mpango ni mzuri: kituo kinaandika barua, mgonjwa anapelekwa hospitali, akipona hospitali inaandika barua nyingine ya kurudi, ili muuguzi wa kituo ajue alichotibiwa na aendelee kumfuata.

Katika maisha ya kila siku, barua ya kwenda mara nyingi haisemi dawa gani zimekwisha kutolewa wala saa gani. Barua ya kurudi ndiyo hukosekana zaidi. Mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa anarudi kijijini, na muuguzi wake hajui kovu linapaswa kuangaliwa lini, wala kwamba mimba ijayo mama huyo asizalie kituoni. Mwenye kisukari anaanza upya kana kwamba hajawahi kutibiwa.

Kuna pia safari za bure. Mgonjwa anabebwa saa nne kwa pikipiki au kwa machela, anafika na kuambiwa kwamba damu imeisha au mpasuaji hayupo, aende hospitali nyingine. Simu moja kabla ya kuondoka ingeonyesha hayo yote. Popote mtandao unapofika, kila hospitali ingeweza kuwa na namba moja inayojibiwa mchana na usiku, na kila kituo kiwe na namba hiyo ukutani. Wakati mgonjwa yuko njiani, damu inatafutwa na chumba cha upasuaji kinatayarishwa.

Kitanda cha aliyepona

Mlango wa kutoka nao una mstari wake. Katika hospitali nyingi, daktari anampa mgonjwa ruhusa ya kurudi nyumbani asubuhi, hesabu inatayarishwa mchana, na jioni ofisi ya malipo imefungwa. Ikiwa ni Jumamosi, mgonjwa anangoja hadi Jumatatu. Amepona, lakini kitanda chake hakijapona: kinaendelea kuhesabiwa kuwa kimejaa, huku mwingine amelala chini.

Kibaya zaidi ni wale wanaozuiliwa kwa sababu hawana pesa za kulipa. Akina mama wamekaa wiki nyingi na watoto wachanga, wamepona wote wawili, wakingoja ndugu auze mbuzi au shamba. Hospitali nayo ina shida yake, kwa sababu mara nyingi inaishi kwa malipo ya wagonjwa. Isipolipwa, haitanunua dawa. Lakini kumzuia mtu hakuleti pesa. Kunaongeza deni, na kunafunga kitanda.

Njia zipo. Jamaa aambiwe bei tangu siku ya kwanza, si siku ya kutoka. Mwenye deni alipe kidogo kidogo kwa mkataba. Wanaoweza waingie katika mituweli ya afya, kama zile zinazofanya kazi Bukavu, ambako mtu anachanga akiwa mzima ili asaidiwe akiugua. Serikali nayo ilizindua mpango wa kuzaa bila malipo mjini Kinshasa mwezi wa Septemba 2023. Mpango kama huo una maana kwa mama wa Kalehe au Lubero ikiwa tu hospitali inarudishiwa gharama zake kwa wakati.

Wewe unayeleta mgonjwa

Kabla hospitali zote hazijabadilika, anayeleta mgonjwa anaweza kufanya jambo moja: kusema. Usikae kwenye benchi ikiwa mtoto anashindwa kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea bila kuamka, au anapumua kwa shida. Usingoje ikiwa mwanamke mwenye mimba anatoka damu, ana degedege, au kichwa kinamuuma sana na macho hayaoni vizuri. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi wa kwanza utakayemwona, umwambie alama hizo. Beba karatasi zote za kituo na dawa alizokunywa.

Na sisi tulio mbele kwenye mstari, tukiona mtoto mwenye hali hiyo, tumpishe. Wakuu wa hospitali, kwa upande wao, wanaweza kuanza kesho asubuhi kwa kumweka muuguzi mmoja karibu na lango. Mama yule wa pikipiki akifika, asiulize nani wa mwisho. Yeye ndiye aulizwe: mtoto ana nini?