Kamba ya waya: nguvu yake haionekani dukani

Lori lililotumbukia mtaroni kwenye barabara ya vilima kati ya Muyinga na Gitega hutolewa kwa winchi. Watazamaji hukodolea macho winchi. Fundi mzoefu huangalia kamba, kisha huwafukuza watu wasogee mbali, kwa sababu kamba ya waya ikikatika huku imekazwa hurudi kama mjeledi na inaweza kuua.

Kwa anayepitisha vifaa vya ujenzi na vya magari katika mpaka wa Kobero na Kabanga, hilo si jambo la mafundi peke yao. Kamba ya waya huuzwa kwa mita, na ikiwa imeviringwa kwenye ngoma yake ya mbao zote hufanana: zina grisi, zinang'aa, unene ni uleule. Tofauti iko ndani, na iliwekwa kiwandani.

Kiwandani kazi huanza na fito ndefu za feleji yenye kaboni nyingi, unene wake mara nyingi milimita 5.5. Huondolewa magamba na kutu, hupashwa moto hadi zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi, kisha hupitishwa katika risasi iliyoyeyushwa, yenye joto la nyuzi 500 hivi. Hapo ndipo chuma hupata ugumu bila kuwa chepesi kuvunjika. Baada ya hapo huvutwa kwenye tundu moja baada ya jingine, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, huku unga wa sabuni ukilainisha njia. Ajabu ni kwamba kadiri waya unavyokuwa mwembamba ndivyo kila milimita yake inavyozidi nguvu. Waya wa daraja la 1770 hubeba karibu kilo 180 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kukatika.

Nyaya hizo, nyingine zikiwa zimepakwa zinki kuzuia kutu, husokotwa kuwa uzi mnene, na nyuzi nene hizo husokotwa kuzunguka moyo. Maandishi 6x36 yana maana hiyo tu: nyuzi sita, kila mmoja una nyaya 36. Moyo unaweza kuwa wa chuma, au wa katani, zao lilelile la Tanga lililoletwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf. Katani haikuwekwa kujaza nafasi. Hulowekwa mafuta, na kila kamba inapojikunja hutoa kidogo kulainisha nyaya zisisagane.

Wazo lenyewe ni la Wilhelm Albert, ofisa wa migodi wa Clausthal, Ujerumani, mwaka 1834. Minyororo ya migodini ilikuwa ikikatika ghafla kwa sababu ya pingili moja mbovu. Katika kamba ya waya, nyaya chache zikikatika nyingine hushikilia, na ncha zilizochomoza humwonya mwenye macho.

Sasa hesabu ya dukani. Kamba ya milimita 12, aina ya 6x36, moyo wa katani, daraja la 1770, hukatika kwenye tani 8.5 hivi. Ya daraja la 1570, yenye unene uleule, hukatika karibu tani moja mapema. Na hakuna inayofaa kunyanyua tani nane: kwa kazi ya kunyanyua, kawaida huchukuliwa sehemu moja ya tano, yaani tani 1.7 kwa ile ya kwanza. Muuzaji anayemtajia mteja wa Gitega tani nane na kunyamaza amemuuzia hatari.

Ndiyo maana cheti cha majaribio cha kiwanda kina thamani kuliko rangi ya grisi. Namba iliyo kwenye cheti ilingane na ya ngoma, na daraja, aina na moyo viandikwe kwenye risiti. Unene hupimwa kwa kalipa, kutoka kilele cha uzi mmoja hadi kilele cha uzi ulio mkabala nao, si kwenye mabonde.

Kabla ya kukata vipande, funga waya mwembamba pande zote mbili za mahali pa kukatia, la sivyo msokoto hulegea. Na ngoma izungushwe kamba itoke yenyewe. Ikichomolewa kwa pembeni hujipinda kitanzi, na kitanzi kikishakazwa, hata kikinyooshwa, hapo mahali nguvu hairudi.