Kipimo cha Presha Nyumbani: Namna ya Kukifunga, Kukisoma na Kukipeleka Zahanati

Vipimo vya shinikizo la damu vinavyotumia betri vimeingia katika nyumba nyingi za wastaafu. Mmoja amenunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, mwingine ameletewa na mtoto aliyekuja likizo, na kifaa kimewekwa juu ya kabati, pembeni ya redio na rimoti ya king'amuzi. Ni jambo la kupongezwa. Shida ni kwamba maelekezo yake aghalabu huandikwa kwa lugha ya kigeni na kwa herufi ambazo hata mwenye miwani huzisoma kwa taabu, na yule aliyekileta huwa amekwisha kupanda basi la kurudi mjini kabla mzee hajauliza swali la pili.

Shinikizo la damu, ambalo wengi hulitaja kwa jina la presha, ni nguvu ambayo kwayo damu husukuma kuta za mishipa inapopita. Moyo unapojikunja kusukuma damu, nguvu hiyo hupanda, na hiyo ndiyo namba ya juu. Moyo unapolegea kati ya pigo na pigo, nguvu hushuka, na hiyo ndiyo namba ya chini. Zote huhesabiwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa na bomba la kioo ambamo zebaki ilipanda na kushuka. Kifaa cha nyumbani hakina zebaki. Mkanda wake hujaa hewa hadi ukaubana mshipa wa mkono, kisha hewa hupunguzwa polepole, na kifaa hunasa mitetemo ya mshipa unapoanza kupitisha damu tena. Kwa kuwa hutegemea mitetemo, kila kinachoutikisa mkono, hata maneno ya mpimwaji mwenyewe, huweza kuingia katika hesabu.

Kwa mtu mzima, kipimo cha zahanati kinachorudia kufika 140 juu au 90 chini huhesabiwa kuwa shinikizo la juu. Nyumbani, ambako mtu ametulia na hakuna foleni, mpaka huo hushuka kidogo: 135 juu au 85 chini. Neno la kuzingatia ni kurudia. Namba moja ya asubuhi moja haitoshi kumwita mtu mgonjwa, wala haitoshi kumwita mzima.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.4 wenye umri kati ya miaka 30 na 79 wanaishi na shinikizo la juu la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Hawajui kwa kuwa mara nyingi hali hiyo haiumi. Imani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au asikie moyo ukienda mbio imewafanya wengi wakae nyumbani kwa amani huku moyo, figo, macho na mishipa ya ubongo ikiharibika taratibu.

Mpima ardhi mmoja mstaafu, ambaye majirani bado humwita Mzee Mpima, alipokea kifaa chake kutoka kwa binti yake. Asubuhi ya kwanza kilimpa namba ya juu ya 162, baada ya dakika chache 139, kisha 151. Mkewe alisema kirudishwe dukani. Yeye hakukubali. Kwa miaka zaidi ya thelathini alikuwa amebeba darubini ya kupimia kutoka kijiji hadi kijiji, na alijua kwamba kifaa kinapotoa majibu matatu, jambo la kwanza ni kukagua kilivyosimamishwa. Alipokwenda zahanati, muuguzi alimwomba aoneshe anavyojipima. Mzee aliketi ukingoni mwa kiti, akakunja nne, akafunga mkanda juu ya mkono wa shati, akauacha mkono uning'inie, na wakati kifaa kikivuta hewa akaendelea kueleza habari za mvua.

"Shikamoo tena, babu," muuguzi alisema akicheka. "Hapo hujapima presha, umepima mazungumzo."

Utaratibu aliofundishwa ndio unaomfaa kila mkazi. Kwa nusu saa kabla ya kupima, mtu asinywe kahawa wala chai ya rangi, asivute sigara, na asiwe ametoka kulima au kupanda kilima. Aende haja ndogo kwanza, kwani kibofu kilichojaa huipandisha namba. Kisha akae kimya dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni, miguu isipishane. Mkanda ufungwe juu ya kiwiko, juu ya ngozi tupu, uwe umekaza kiasi cha vidole viwili kupenya. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na mkanda mpana kwa mkono mwembamba hutoa ndogo. Vifaa vya kufungwa kwenye kifundo cha mkono vinavutia kwa udogo wake, lakini huyumba kirahisi zaidi. Anayenunua kipya achague cha juu ya kiwiko.

Mkono nao uwekwe juu ya meza, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Jambo hili Mzee Mpima alilielewa kuliko yote, kwa kuwa ni kazi ya pima maji. Damu ni kimiminika chenye uzito, hivyo mkono ukishuka sentimita 10 chini ya moyo, namba huongezeka kwa takribani milimita 8, na ukipanda juu ya moyo hupungua kwa kiasi hichohicho. Tofauti hiyo yatosha kumpa mtu dawa asiyoihitaji, au kumnyima anayoihitaji.

Hupimwa mara mbili asubuhi kabla ya kumeza dawa na mara mbili jioni, dakika moja ikipita kati ya kipimo na kipimo. Hufanywa hivyo kwa siku saba. Namba za siku ya kwanza huachwa, kwa sababu mtu bado anakiogopa kifaa, na zilizobaki hutafutiwa wastani. Siku ya kwanza kabisa mikono yote miwili ipimwe; ule wenye namba kubwa ndio utumike daima. Baada ya juma hilo hakuna haja ya kujipima kila saa. Wapo wazee wanaokesha na kifaa, wakipima kila wanaposhtuka usingizini, na hofu yenyewe inazipandisha namba wanazoziogopa.

Lililo zito zaidi ni tafsiri ya namba nzuri. Jirani yake Mzee Mpima, dereva mstaafu aliyekuwa akimeza vidonge vya presha kwa miaka minne, alikuja kupima kwake asubuhi tatu mfululizo. Alipata 124 kwa 78, au karibu na hapo, mara zote tatu. "Mzee mwenzangu, mimi nimepona," alisema, na vidonge akaviweka kando. Hakujisikia vibaya hata kidogo. Aliendelea kucheza bao barazani na hakuja kupima tena. Juma la tano, asubuhi, kikombe kilimponyoka mkono wa kulia na maneno yakaanza kumtoka yamepinda. Mkewe alidhani ni uchovu. Mzee Mpima alipoitwa, alikimbilia kifaa kwanza. Kilionesha 196 kwa 112. Ndipo walipotafuta bajaji ya kwenda kituo cha afya, na kutoka hapo gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya. Yu hai. Mkono wa kulia bado ni dhaifu, na bao sasa hucheza kwa mkono wa kushoto, polepole, wenzake wakimsubiri.

Namba zile tatu hazikuwa za uongo. Zilikuwa habari za vidonge vinavyofanya kazi. Kwa wagonjwa walio wengi dawa za presha haziiondoi presha bali huishikilia isipande, na zikiachwa hupanda tena, mara nyingi bila kutoa ishara. Dawa ikimsumbua mtu, aseme. Zipo zinazovimbisha vifundo vya miguu, zipo zinazoleta kikohozi kikavu, zipo zinazomwamsha mtu usiku kwenda haja ndogo, na kwa kila moja tabibu anaweza kubadilisha aina, kiasi au saa ya kumeza. Uamuzi huo haufanywi barazani.

Kuhusu kiharusi, muuguzi wa kituo cha afya alimwambia Mzee Mpima kwa upole: "Babu, siku nyingine usitafute kipimo, tafuta usafiri." Uso ukipinda upande mmoja, mkono mmoja ukishindwa kuinuka, au maneno yakivurugika, mgonjwa aondolewe nyumbani mara moja. Asipewe kidonge cha presha wala aspirini, asinyweshwe maji wala uji, kwa kuwa huenda hawezi kumeza salama. Saa dalili zilipoanza ikumbukwe, maana ndilo swali la kwanza hospitalini. Vivyo hivyo, namba ikifika 180 juu au 120 chini na mtu ana maumivu ya kifua, anahema kwa shida au macho yamefifia ghafla, safari ni ya dakika ileile. Namba hiyo ikionekana bila dalili yoyote, atulie, arudie baada ya dakika chache, na ikibaki hapo afike kituoni siku hiyohiyo.

Kifaa kingine cha nyumbani, simu, nacho kimeingia katika mambo ya afya, na si kwa heri tu. Ujumbe wa dawa inayomaliza presha kwa siku kadhaa hupita kutoka simu hadi simu, aghalabu ukitumwa na ndugu mwenye nia njema. Mwenye kuusambaza hamjui mtengenezaji, na mtengenezaji hamjui mgonjwa. Anayetaka kutumia dawa ya mitishamba ampelekee kwanza mganga wa zahanati aijue, kwani baadhi ya miti ya dawa hugombana na vidonge. Simu hiyohiyo inafaa sana kwa kazi nyingine: kuwekewa kengele ya saa ya kumeza dawa. Mjukuu wa darasa la tano huiweka kwa dakika moja.

Chakula nacho kina sehemu yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyomo tayari katika vyakula. Ng'onda, dagaa wa chumvi, na vile vipande vya kuongezea ladha kwenye mchuzi vyote vinaingia katika hesabu hiyo. Wengi hawayahesabu magadi yanayotiwa kwenye maharage, makande au mlenda ili vilainike, ilhali magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi. Kuloweka maharage usiku kucha huyalainisha bila magadi. Na mzee anayeumwa magoti aseme anapoomba dawa ya maumivu kwamba ana presha, kwa maana diklofenaki na ibuprofeni huweza kuipandisha na kuziumiza figo zikitumiwa kwa muda mrefu.

Lipo pia tatizo la upande wa pili, ambalo halizungumzwi vya kutosha: presha inayoshuka mtu anaposimama. Mzee huamka usiku, husimama ghafla, kizunguzungu humshika, naye huanguka. Kwa umri huo kuvunjika nyonga ni janga la nyumba nzima. Mwenye kizunguzungu ajipime akiwa ameketi, kisha asimame na kupima baada ya dakika moja na tena baada ya dakika tatu, mtu mwingine akiwa karibu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, aipeleke habari hiyo zahanati. Huenda kiasi cha dawa kinahitaji kupunguzwa. Usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama.

Katika vituo vya umma, wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wana haki ya kuhudumiwa kwanza kupitia dirisha la wazee, awe mstaafu wa serikali, mkulima au mvuvi. Dirisha hilo lisichanganywe na msamaha wa malipo, ambao ni kwa wazee wasio na uwezo waliotambuliwa kupitia serikali ya kijiji au mtaa na ustawi wa jamii. Mstaafu mwenye bima hutumia kadi yake ya bima, lakini dirisha ni lake pia. Asiye na kifaa nyumbani hapungukiwi kitu, kwani zahanati hupima, naye mhudumu wa afya ngazi ya jamii atamweleza siku zinazofaa.

Anayekwenda kliniki abebe kitambulisho, kadi ya bima au ya msamaha, vidonge vyote anavyotumia vikiwa katika pakiti zake, na daftari lenye tarehe, saa na namba. Nyumba yenye kifaa kimoja na watu wawili iandike kila mtu ukurasa wake, kwa sababu kumbukumbu ya kifaa huchanganya mume na mke. Mara moja kwa mwaka kifaa nacho kibebwe, kilinganishwe na cha zahanati kwenye mkono uleule. Tofauti ikiwa kubwa, mhudumu atashauri mkanda ubadilishwe au kifaa kiachwe.