Muulize Uzito Wake Kwanza

Wakutanishe watu watatu waliowahi kupanda baiskeli ileile ya mbio za nyika, yenye shokapu mbele na nyuma, uwaulize wanaionaje. Wa kwanza atasema haina mfano: kwenye mawe imetulia, kwenye kona imeng'ang'ania ardhi. Wa pili atalalamika kuwa inanesanesa akikanyaga, anaona nguvu zake zinaishia kwenye springi badala ya kufika kwenye tairi. Wa tatu atakwambia ni ngumu, inamrusha kitini, wala haelewi kwa nini mtu ailipie shokapu ya nyuma. Anayetaka kununua atabaki ameduwaa, hajui amwamini nani.

Kwa uzoefu wangu wa ufundi, huenda wote watatu wanasema kweli. Shokapu hubadilika tabia kulingana na aliyeikalia, kwa hiyo ndani ya kila sifa na kila lawama umo uzito wa mpandaji, upepo aliojaza na njia aliyopita. Ukiyachukua maneno yake bila kuuliza mambo hayo, umechukua nusu ya habari.

Tuelewane kwanza ni baiskeli gani. Hatuzungumzii zile nzito za kuteremkia milima, ambazo gurudumu linaweza kuzama hata milimita 200. Hii ni ya kupanda na kushuka, na imeundwa kwa mashindano ya saa moja na nusu hivi. Foki husafiri milimita 100 hadi 120, na nyuma karibu hivyohivyo. Magurudumu ni ya inchi 29, na ile ya kaboni ya kushindania huwa na kilo 10 au 11. Mpinzani wake wa siku zote ni baiskeli yenye shokapu kwenye foki tu, ambayo kwa daraja hilohilo huwa nyepesi kwa kilo moja hivi.

Mchezo huu uliingia kwenye Olimpiki mwaka 1996 huko Atlanta, na kwa miaka mingi washindani wengi waliamini kwamba shokapu ya nyuma ni starehe, na anayetaka kushinda apande nyepesi. Imani hiyo ilitikiswa tarehe 12 Agosti 2012 huko Hadleigh Farm, mashariki ya London. Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech, akiwa juu ya Specialized Epic yenye shokapu zote mbili, alimpiku Nino Schurter wa Uswisi aliyekuwa na shokapu ya mbele tu. Walitenganishwa na sekunde moja. Sekunde moja baada ya karibu dakika 90 haithibitishi ubora wa baiskeli, na nisingependa mtu aitumie hivyo, lakini baada ya siku ile hakuna aliyeweza kusema tena kwamba baiskeli ya aina hiyo haichukui dhahabu. Miaka minne baadaye huko Rio, Schurter mwenyewe alishinda juu ya Scott Spark, yenye shokapu mbele na nyuma. Na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuzikumbuka mbio za London: Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyebeba bendera ya nchi yake siku ya ufunguzi, alikuwamo na akamaliza wa 39.

Turudi kwa yule wa pili, anayelalamikia kunesa. Anachokihisi kipo. Mguu haukanyagi kwa nguvu sawasawa mzunguko mzima. Pedeli inaposhuka nguvu huongezeka, ikifika chini hupungua, na kiwiliwili nacho huyumba. Kila mkanyago unaibonyeza shokapu kidogo. Waunda fremu hupambana na jambo hilo kwa kuchagua vizuri mahali pa viungo vya nyuma, ili mvuto wa mnyororo wenyewe uizuie shokapu isizame. Hawajalimaliza kabisa. Kwenye lami, au kwenye barabara ya vumbi iliyochongwa vizuri, kunesa ni hasara, ingawa ndogo.

Penye mizizi na mawe hesabu inageuka. Bila shokapu ya nyuma, jiwe huirusha tairi, na tairi iliyo hewani haimpeleki mtu mbele. Mpandaji hulazimika kusimama juu ya pedeli, mapaja na mgongo vikifanya kazi ambayo ingefanywa na springi. Ubaya ni kwamba kunesa huhisiwa papo hapo, lakini tairi ikishika ardhi mtu hahisi chochote. Baiskeli ngumu inatetemeka, na mtetemo huo wengi huuchukulia kuwa ni mwendo kasi. Ndiyo maana ninampa uzito aliyepita kipande kilekile cha njia kwa baiskeli mbili huku saa ikihesabu, kuliko anayesema tu kwamba aliiona nzito.

Hata ile kilo moja inaogopwa kupita kiasi. Kuipandisha mita 100 kwenda juu kunahitaji jouli 981, na mpandaji anayetoa wati 250 huimaliza kazi hiyo kwa sekunde 4 hivi. Kwa mshindani wa Olimpiki hizo ni medali. Kwa anayepanda kutoka Mombo hadi Lushoto, mlima wa karibu mita 1,000, ni sekunde 40 katika safari ya zaidi ya saa nzima.

Yule wa tatu, aliyesema ni ngumu, ninautilia shaka upepo wake. Shokapu za baiskeli hizi kwa kawaida hazina springi ya chuma; kinachombeba mtu ni hewa iliyobanwa. Kwenye mti wa shokapu kuna kipete chembamba cha mpira ambacho wengi hawajui ni cha nini. Mpandaji avae kila atakachovaa safarini, pamoja na begi la maji, aegemee ukuta na kukaa kitini bila kudunda. Akisukume kipete mpaka kiguse sili, kisha ashuke taratibu na kupima. Kama mti husafiri milimita 45, kipete kilichosogea milimita 9 kinaonyesha asilimia 20. Kikisogea 11, ni karibu asilimia 25. Hapo katikati ndipo wengi wa mbio za nyika wanaporidhika. Sasa mpe mtu wa kilo 60 baiskeli iliyojazwa kwa ajili ya mtu wa kilo 90: haitazama, atarushwa, na ataishutumu baiskeli isiyo na kosa. Pia kuna kifundo, mara nyingi chekundu, kinachoongoza kasi ya shokapu kurudi. Kikikazwa mno, shokapu haiwahi kuinuka kabla ya jiwe linalofuata, na baiskeli huzidi kuwa ngumu kadiri mawe yanavyoongezeka.

Hakuna kifaa kilichowagawa wapandaji kama kile ambacho Specialized walikiweka kwenye Epic kuanzia mwaka 2002, wakakiita Brain. Ndani yake kipande kizito cha chuma huziba njia ya mafuta. Nguvu ikitoka juu, kwa mpandaji, njia hubaki imezibwa na baiskeli inakuwa ngumu. Gurudumu likigongwa kutoka chini, kifaa hurushwa juu na kile kipande kizito kinachelewa kukifuata. Njia inafunguka, shokapu inazama. Waliokipenda walifurahia kupanda mlima mrefu bila kugusa swichi yoyote. Waliokichukia walihisi kipigo kabla ya njia kufunguka, na walichoshwa na matengenezo yasiyowezekana kwa fundi wa mtaani. Mimi naona kila upande ulisema kweli kuhusu njia zake: penye vikwazo vidogovidogo mfululizo kipigo kile kinachosha, na penye mlima laini hakisikiki. Epic 8 ya mwaka 2024 ilikiacha kabisa na kuja na milimita 120 mbele na nyuma.

Maoni ninayoyathamini kuliko yote ni ya mtu aliyemaliza masika na baiskeli yake. Aliyeijaribu asubuhi moja hajui beringi za viungo vya nyuma zinavyokuwa baada ya matope, wala hajawahi kufungua chumba cha hewa kusafisha sili, kazi ambayo watengenezaji wa shokapu RockShox kwa mfano hushauri ifanywe kila baada ya saa 50 za kupanda. Anayeuziwa iliyotumika aishike kwa kiti na kuinyanyua kidogo: kiti kikipanda kabla ya gurudumu kufuata, viungo vimelegea au beringi zimekwisha. Kisha aulize sili za shokapu hiyo zinapatikana wapi. Kama hazipatikani karibu na anapoishi, mimi ningemshauri achukue yenye shokapu ya mbele tu, na pesa inayobaki anunulie tairi nzuri na breki za kuaminika.